Mchezo ubadilishwe ili mtoto mwenye ulemavu naye acheze

Watoto wanapocheza rede au kombolela jioni, mara nyingi mwenzao mwenye ulemavu huachwa barazani awe mtazamaji. Wazazi hufanya hivyo kwa mapenzi, wakihofia ataumia au atachekwa. Hata hivyo, kumweka kando ni kumnyima jambo ambalo mwili na ubongo wake vinalihitaji.

Ubongo wa mtoto hukua kwa kutumika. Kila anaporudia kurusha, kudaka au kungoja zamu, miunganiko ya seli za neva inayohusika na tendo hilo huimarika. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, misuli isiyotumika hukakamaa na viungo huweza kupinda. Ndiyo maana wataalamu wa tiba kwa vitendo huingiza michezo katika matibabu: mtoto aliyechoka na mazoezi hunyoosha mkono bila kusukumwa akiona mpira unamjia.

Marekebisho hayahitaji fedha nyingi. Anayetumia kiti cha magurudumu acheze kwenye uwanja tambarare, na kombolela ichezwe wawiliwawili ili awe na mwenza wa kujificha naye. Kwa asiyeona, shonea vizibo vya soda ndani ya mpira wa matambara, kisha ubiringishwe chini asikie unakotokea. Mbinu ya mpira wenye sauti ndiyo iliyozaa goliboli, mchezo ulioanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, ambao leo umo katika Paralimpiki. Kwa kiziwi, kitambaa kikipungwa kinatosha badala ya filimbi.

Mwenye usonji huweza kuelemewa na kelele. Aanze na wenzake wawili watatu, aonyeshwe hatua kwa vitendo, na awe na mahali tulivu pa kupumzikia. Mwenye ualbino acheze asubuhi au jioni, avae kofia na mikono mirefu, na apewe mpira mkubwa wa rangi kali, kwani wengi wao wana uoni hafifu. Mwenye kifafa asiogelee wala kupanda miti bila mtu mzima wa kumwangalia.

Mwaka 2021 UNICEF ilikadiria kuwa duniani kuna watoto wenye ulemavu wapatao milioni 240. Haki yao ya kucheza imo katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, na Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006 unataka wacheze sawa na wenzao, shuleni pia.

Mzazi, mtoe mwanao nje. Mwalimu, kabla ya kumpangia la kufanya kipindi cha michezo, muulize mwenyewe angependa kucheza nini, kisha waulize wenzake sheria ipi ibadilishwe. Watoto ni hodari wa kutunga sheria mpya, wapeni nafasi hiyo.