Maneno ya Kiingereza Yaendayo Mawili Mawili

Mwanafunzi aanzaye kusoma Kiingereza hutafuta kila neno katika kamusi, naye akiisha kuona maana yake kwa Kiswahili hudhani kwamba kazi imekwisha. Walakini kamusi haiwezi kusema yote. Mara nyingi maneno mawili ya Kiingereza hufasiriwa kwa neno moja la Kiswahili, na mtu ayatumiaye bila kuyapambanua aweza kusema kinyume cha neno alilokusudia. Tutazame baadhi ya maneno hayo, tukianza na yale yawezayo kuleta hasara kubwa.

Kuna neno borrow na neno lend. Sisi twasema, "Nimeazima kisu kwa jirani," tena twasema, "Nimemwazima jirani kisu." Kitendo ni kile kile, kuazima, lakini silabi ndogo ya -m- yatuonyesha kwamba mara ya pili kisu kimetoka kwangu. Kiingereza hakina silabi hiyo. Mwenye kupokea hutumia borrow, na mwenye kutoa hutumia lend. Asiyeshika hayo hupotea.

Tuseme mtu amemkopesha mwenziwe shilingi 10. Kwa kuwa apenda Kiingereza, aandika katika daftari yake, "I borrowed ten shillings from Juma." Baada ya mwaka Juma akataa kulipa, nao wakaenda barazani. Hakimu aomba daftari, aisoma, akaona imeandikwa wazi kwamba mwenye daftari ndiye aliyepokea fedha kwa Juma! Hati yake mwenyewe yamshuhudia kuwa yeye ndiye mdaiwa. Ilimpasa kuandika, "I lent ten shillings to Juma." Basi ishikeni alama hii: baada ya borrow hufuata from, yaani fedha yatoka kwa mtu yule, baada ya lend hufuata to, yaani fedha yaenda kwake.

Katika Kiswahili mambo haya huwa mepesi kwa sababu twabadili mwisho wa kitendo: kopa na kopesha, lala na laza, anguka na angusha. Ajabu ni kwamba Kiingereza nacho kilikuwa na desturi iliyo karibu na hiyo zamani sana, ila wao walibadili sauti ya katikati ya neno. Masalio yake yangalipo. Rise ni kuinuka, raise ni kuinua. Sit ni kuketi, set ni kuweka. Fall ni kuanguka, na fell ni kuangusha, hasa kuangusha mti kwa shoka. Lie ni kulala, lay ni kulaza.

Hapo pana mtego. Neno fell ni kuangusha, lakini pia ni wakati uliopita wa fall; kwa hiyo "The tree fell" maana yake ni mti ulianguka wenyewe, wala hakuna aliyeukata. Na lay ni vivyo hivyo. "I lay the child on the mat" ni namlaza mtoto mkekani. "I lay on the mat" ni nililala mkekani. Msione haya mkikosea hapa, maana Waingereza wenyewe, hata watu wazima, huyachanganya kila siku.

Remember na remind si wa ukoo huo, lakini huleta taabu ile ile. La kwanza ni kukumbuka, la pili ni kukumbusha. Mwanafunzi ataka rafiki yake amkumbushe mwalimu habari za kitabu chake kilichosalia shuleni, naye amwandikia, "Please remember me to the teacher." Rafiki aenda kwa mwalimu, ampa salamu nyingi, arudi zake. Kitabu chabaki pale pale. Kwa kuwa kwa Kiingereza maneno hayo maana yake ni, "Nisalimie mwalimu."

Sasa tazameni mwili wenu. Sisi twasema mkono toka begani hata ncha za vidole. Waingereza wameukata: kutoka bega mpaka kifundo ni arm, na kutoka kifundo mpaka ncha ya vidole ni hand. Mguu vile vile: leg ni sehemu ya juu, foot ni ile ikanyagayo chini. Na kidole cha mkono ni finger, cha mguu ni toe. Mtu aliyevunjika mfupa juu ya kiwiko, akimpelekea daktari barua kusema ameumia hand, daktari atadhani ni kiganja.

Jozi nyingine zimetokana na vita. Tarehe 14 Oktoba mwaka 1066, Harold mfalme wa Uingereza aliuawa vitani karibu na mji wa Hastings, naye William mtawala wa Normandy akatwaa ufalme. Tangu hapo wakubwa wa nchi walinena Kifaransa, na raia wakabaki na Kiingereza chao. Hata mwaka 1362 ndipo ilipotolewa sheria kwamba mashauri ya barazani yasemwe kwa Kiingereza. Ndiyo sababu ng'ombe ni cow, lakini nyama yake ni beef. Kondoo ni sheep, nyama yake ni mutton. Nguruwe ni pig, nyama yake ni pork. Majina ya wanyama ni ya Kiingereza cha kale, na ya nyama ni ya Kifaransa. Wengine husema ni kwa kuwa mchungaji alikuwa raia na mlaji alikuwa mkubwa, na Walter Scott alilieneza neno hilo katika kitabu chake Ivanhoe cha mwaka 1819. Ni maelezo ya kupendeza, ila mambo hayakuwa mepesi hivyo. Kwa karne nyingi mutton liliweza kuwa hata kondoo aliye hai. Kuku na samaki hawakupata jina la pili.

Kivuli nacho ni cha namna mbili. Shade ni mahali pasipo jua, napo mtu hupumzika. Shadow ni umbo la kitu lionekanalo chini jua limulikapo.

Wala msidhani kwamba Kiingereza kina wingi wa maneno kila mahali. Kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kwao wote wawili hutumia neno moja, marry. Kwetu mpunga u shambani, mchele u gunia, na wali u sahanini. Mwingereza huviita vyote rice. Ndiyo maana mgeni aliyeanza juzi kujifunza Kiswahili huweza kufika dukani na kuomba auziwe ratli 5 za wali, naye mwenye duka humwuliza kama amekuja na sahani.