Miezi Tisa ya Goti la Van Dijk

Virgil van Dijk aliumia goti la kulia Oktoba 17, 2020, Liverpool ilipokwenda Goodison Park kucheza na jirani zao Everton. Mchezo ulikuwa ndiyo kwanza umeanza. Beki huyo Mholanzi alikuwa amepanda kushambulia, akiufuata mpira ndani ya eneo la hatari, kipa Jordan Pickford alipotoka langoni na kumrukia miguuni. Goti likapinda upande ambao halikuumbwa kupinda. Waamuzi wa video, VAR, walimkuta Van Dijk ameotea, kwa hiyo penalti haikutolewa, na kipa hakuonyeshwa kadi ya rangi yoyote, jambo ambalo mashabiki wa Liverpool hawajalisamehe mpaka leo. Dakika ya 11 Joe Gomez aliingia badala yake. Mchezaji aliyecheza mechi zote 38 za Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2018/19, na zote 38 za msimu uliofuata, safari hii msimu wake uliishia mwezi Oktoba.

Kilichoumia ni ile ligamenti ambayo watangazaji wa mpira huitaja kwa herufi tatu, ACL. Ligamenti ni ukanda mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa. Katikati ya goti zipo mbili zinazopishana kama herufi X, moja ya mbele na moja ya nyuma, na zote zinaunganisha mfupa wa paja na mfupa mkubwa wa chini ya goti. Ile ya mbele huuzuia mfupa wa chini usisogee mbele kupita kiasi, na pia hulizuia goti lisizunguke ovyo. Ndiyo maana mtu aliyekatika ACL anaweza kutembea vizuri barabarani uvimbe ukishapungua, hata kukimbia polepole kwa kunyooka, lakini akijaribu kugeuka ghafla goti linamtoka. Kwa beki wa kati, ambaye kazi yake yote ni kugeuka, kuruka na kusimama ghafla, mpira umekwisha mpaka goti litengenezwe.

Kwa namna alivyoumia, Van Dijk ni tofauti na wengi. Mara nyingi ligamenti hii hukatika bila goti kuguswa na mtu: mchezaji anatua vibaya baada ya kupiga kichwa, au anataka kubadili uelekeo huku njumu zimeng'ang'ania nyasi, mwili ukageuka na mguu ukabaki. Wengi husikia mlio ndani ya goti. Baada ya saa chache goti limejaa. Daktari hulikunja kidogo, akashika paja kwa mkono mmoja na kuvuta mguu wa chini kwa mkono wa pili. Mfupa ukija mbele bila kukutana na kizuizi, jibu limepatikana. Kipimo cha MRI huthibitisha, na huonyesha pia kama meniskasi, ile mito ya gegedu iliyo kati ya mifupa, zimechanika.

Mfupa uliovunjika ukifungwa vizuri huunga. Ligamenti hii ikikatika kabisa kwa kawaida haiungi, kwa sababu imezungukwa na ute wa goti, na bonge la damu ambalo lingeziunganisha ncha zake halipati nafasi ya kujijenga. Basi kwa mchezaji wa kulipwa madaktari hutengeneza nyingine. Huchukua kipande cha kano ya mgonjwa mwenyewe, mara nyingi ile iliyo chini ya pia ya goti au zile za misuli ya nyuma ya paja, wakakipitisha kwenye matundu yaliyotobolewa katika mifupa yote miwili na kukikaza. Kazi hiyo hufanywa kwa msaada wa kamera nyembamba inayoingizwa kupitia tundu dogo la ngozi. Van Dijk alipasuliwa London Oktoba 30, siku 13 baada ya kuumia. Kuchelewa kwa kiasi hicho si uzembe. Goti likipasuliwa likiwa bado limevimba na kukakamaa, linaweza kubaki limekakamaa hata baada ya jeraha kupona.

Wiki za kwanza hazina la kuonyesha kwenye televisheni. Mchezaji amelala kitandani, taulo lililokunjwa liko chini ya kisigino, na kazi yake ya siku nzima ni kulinyoosha goti mpaka sehemu ya nyuma iguse godoro. Huku anajaribu kuukaza msuli wa mbele wa paja, ambao tangu siku ya kuumia umeanza kusinyaa na umegoma kutii. Baadaye huja baiskeli isiyosogea, mazoezi ya majini, kuchuchumaa, kupanda ngazi. Kukimbia kwa kawaida husubiri hadi mwezi wa tatu au wa nne, na kugeuka kwa kasi, mpira na kugongana na wenzake hufuata baada ya hapo, kimoja baada ya kingine.

Hatari kubwa imejificha katikati ya safari hiyo. Kano iliyopandikizwa haianzi kazi mara moja: chembehai zake nyingi hufa kwanza, mishipa mipya ya damu huingia, kisha nyuzi zake hujipanga upya taratibu mpaka zifanane na za ligamenti. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 hivi huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa siku ilipowekwa. Bahati mbaya ni kwamba wakati huo huo mchezaji hujisikia mzima. Uvimbe umekwisha, magongo ameyaacha, maumivu ameyasahau. Asipokuwa na mtaalamu mkali wa tiba ya viungo wa kumshika mkono, atajiharibia mwenyewe.

Utafiti wa Norway na Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja uliosubiriwa kabla ya kurudi kwenye michezo ya aina hii, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kiwango cha kuumia tena kwa takriban nusu. Kalenda peke yake pia haitoshi. Mguu ulioumia hupimwa dhidi ya mwenzake, kwa nguvu za msuli na kwa kuruka kwa mguu mmoja, na huhitajika kufikia angalau asilimia 90 ya uwezo wa ule mzima.

Hapo ndipo uamuzi wa Van Dijk wa Mei 2021 unapoeleweka. Michuano ya Euro ilikuwa ianze Juni 11, miezi saba na siku chache tangu apasuliwe. Alikuwa na miaka 29, nahodha wa timu ya taifa, na alikuwa hajawahi kucheza mashindano makubwa hata mara moja, maana Uholanzi ilikosa Euro ya 2016 na Kombe la Dunia la 2018. Hata hivyo alijiondoa. Wenzake walikwenda bila yeye na kutolewa na Jamhuri ya Czech kwa mabao 2-0 katika hatua ya 16 bora. Hata klabuni haraka ingeeleweka: Gomez na Joel Matip nao waliumia msimu huo, viungo Fabinho na Jordan Henderson wakasogezwa kucheza beki, na Liverpool ikapoteza mechi sita mfululizo za ligi ndani ya uwanja wake wa Anfield. Uamuzi wa kusubiri ulikuwa mgumu kuliko upasuaji wenyewe, na ulikuwa sahihi.

Alirudi Julai 29, 2021, katika mechi ya kirafiki dhidi ya Hertha Berlin iliyochezwa Innsbruck, Austria. Aliingia kutokea benchi dakika ya 69, pamoja na Gomez. Ilikuwa miezi tisa kasoro siku moja tangu apasuliwe. Agosti 14 alianza mechi ya kwanza ya ligi, Liverpool ikaifunga Norwich 3-0. Msimu huo alicheza mechi 34 za ligi, timu yake ikachukua Kombe la FA na Kombe la Ligi, ikakosa ubingwa wa ligi kwa pointi moja. Mwaka 2025 aliunyanyua ubingwa huo akiwa nahodha.

Si wote wanaofika huko. Uchunguzi uliofuatilia klabu za wanaume za Ulaya kwa miaka 15 ulikuta zaidi ya asilimia 90 ya waliokatika ACL walirudi uwanjani, lakini miaka mitatu baadaye ni asilimia 65 tu waliokuwa bado wanacheza kiwango cha juu. Wanawake wana mzigo mzito zaidi: ligamenti hii huwakatika mara mbili au zaidi kuliko wanaume. Alexia Putellas wa Hispania aliumia Julai 5, 2022, siku moja kabla ya Euro ya wanawake kuanza, akarudi mwishoni mwa Aprili mwaka uliofuata, na Agosti alikuwa bingwa wa dunia.

Kwa timu ya mtaa isiyo na daktari wala pesa za MRI, njia iliyo karibu ni kuzuia. FIFA ina mpango wa kupasha misuli moto uitwao 11+, wa dakika 20 hivi, wenye mbio nyepesi, mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili, na ya kuruka na kutua magoti yasiingie ndani. Hauhitaji kifaa zaidi ya mpira, na timu zilizoufuata angalau mara mbili kwa wiki zimepunguza majeraha kwa theluthi moja au zaidi. Kocha anayewaacha vijana wake wapige mashuti golini kabla ya mechi, kisha akasema wameshapata joto, aanze na mpango huo wiki hii.