Msukaji wa Viondo katika Maonyesho ya Ukulima

Milango ya maonyesho ya ukulima ikifunguliwa, watu wengi hukimbilia ng'ombe wa maziwa na mashine za kulimia. Banda la kazi za mikono huachwa mpaka jioni, miguu ikiwa imekwisha choka. Ndivyo ilivyo desturi, na chama kinachoandaa maonyesho hayo nchini Kenya ni cha tangu mwaka 1901. Lakini kwa mwanamke asukaye viondo, banda hilo ndilo lenye mavuno.

Tuseme msukaji wa Machakos au Kitui amefika kwenye maonyesho ya Mombasa. Aona mkeka wa pwani umetandazwa, na mara moja atambua jambo: katika viondo vya kwao rangi huzunguka kama mikanda, lakini katika mkeka huu rangi zakata mshazari. Asiye mwangalifu atauliza bei na kupita. Mwangalifu ataomba ruhusa ya mwenyewe, aukunjue upande wa chini, afuate mwaa mmoja kwa kidole. Hapo ataona kwamba miyaa yenyewe husukwa kwa mshazari kuwa ukanda mrefu, uitwao ukili, kisha kanda hizo hushonwa pamoja. Rangi hufuata njia ya mwaa.

Kuuiga mkeka huo hawezi, maana katani si mwaa. Anachoondoka nacho ni swali: je, katika kiondo rangi haziwezi kufuata njia nyingine?

Zaweza, na jibu limo katika hesabu. Kiondo huanzia kitakoni kwa nyuzi za kusimama, na nyuzi mbili huzizunguka zikipokezana, mmoja mbele na mwenzake nyuma. Ikiwa nyuzi hizo mbili ni nyeusi na nyeupe, na hesabu ya zile za kusimama ni shufwa, yaani yagawanyika sawasawa kwa mbili, basi kila rangi hurudi mahali pake katika kila mzunguko, na milia husimama wima mpaka mdomoni. Akiongeza uzi mmoja tu wa kusimama, hesabu ikawa witiri, rangi hubadilishana mahali kila mzunguko, na kiondo hupata madoadoa kama ya kanga wa porini. Uzi mmoja!

Wako watakaosema kwamba huku ni kuiharibu kazi ya mababu. Watu hao wakumbushwe kwamba zamani viondo vilisukwa kwa nyuzi za magome ya mbuyu na ya miti mingine ya porini. Mkonge ni mgeni kutoka Mexico. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Baadaye zikaja rangi za dukani, na hata sufu ya sweta kuukuu zilizofumuliwa. Kila kimoja kilipata mwanamke wa kwanza aliyekijaribu huku majirani wakimcheka.

Wala si wasukaji wa vijijini tu wajifunzao hivyo. Mwaka 1947 Ruth Asawa, msanii wa Marekani, alikuwa Toluca, Mexico, akaona vikapu vya waya vya kutilia mayai. Aliwaomba mafundi wa pale wamfundishe ufumaji wao. Hakwenda kuuza vikapu vya mayai; kwa ufumaji huo alitengeneza sanamu za waya za kuning'inizwa, moja ndani ya nyingine, ambazo leo zimo katika majumba makubwa ya makumbusho.

Hata hivyo, iko namna nyingine ya kutazama, nayo ni ya wizi. Mtu hulichukua pambo la mwenzake lote jinsi lilivyo, hulisuka haraka kwa uzi mnene, kisha huliuza kwa nusu ya bei katika banda la pili. Si ajabu basi msukaji akikifunika kiondo chake kwa leso aonapo mgeni anakitazama mno. Hasara hapa si ndogo. Kiondo cha uzi mwembamba huweza kula majuma kadhaa, na cha uzi mnene siku chache, na mara nyingi mchuuzi apitaye kijijini hutaka kuvilipia sawa. Katika maonyesho vyote viwili huwekwa meza moja, mnunuzi akavishika kwa mkono wake, na tofauti ikaonekana. Nafasi hiyo ya kudai bei ya haki hupotea mara tu pambo lile lile linapopatikana rahisi hatua kumi mbele.

Kwa hiyo yampasa mgeni aseme wazi alijialo, na kama amefundishwa jambo, naye afundishe moja la kwao. Tena asiitegemee kumbukumbu. Jioni ile ile, kabla mkono haujasahau, aanze kitako kipya, na mtoto aliye shuleni amwandikie katika daftari: nyuzi za kusimama ngapi, rangi gani ilitangulia, na ni mzunguko wa ngapi ule uzi mmoja ulipoongezwa.