Tarafa ikivunjwa, deni linadaiwa nani?

Wafanyabiashara na wasafirishaji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wanaofanya kazi na serikali za mitaa nchini Burundi wana jambo la kuangalia kwa makini. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na tarafa (komine) kutoka 119 hadi 42. Mgawanyo huo ulianza kutumika baada ya uchaguzi wa Juni 2025.

Magara, katika barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, ilikuwa chini ya tarafa ya Bugarama. Hadi mwaka 2015 Bugarama ilikuwa mkoa wa Bujumbura Vijijini, kisha ikaingizwa katika mkoa mpya wa Rumonge. Leo jina la Bugarama halimo katika orodha ya tarafa 42, na Rumonge si mkoa tena. Aliyepeleka saruji, mbao au mchanga kwa mkopo ana karatasi yenye mhuri wa ofisi isiyokuwepo.

Je, deni limekufa? Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni kwamba ofisi hufa lakini deni halifi: anayerithi eneo, majengo na mapato hurithi na madeni. Tatizo huwa ni kumpata mrithi huyo.

Kwanza, tenganisha mkoa na tarafa. Tarafa ina bajeti yake na inaweza kudai na kudaiwa kwa jina lake. Mkoa ni mkono wa serikali kuu, hivyo deni la mkoa huelekezwa serikalini.

Pili, usifuate jina la zamani. Tarafa ya Rumonge sasa imo mkoa wa Burunga, lakini Muhuta, iliyokuwa nayo mkoa mmoja, imo mkoa wa Bujumbura. Anayekimbilia Rumonge mjini kwa sababu ankara yake imeandikwa "Mkoa wa Rumonge" anaweza kupoteza nauli na siku. Aanzie ofisi ya zoni mzigo uliposhushwa, aulize iko chini ya tarafa ipi.

Tatu, kusanya ushahidi: mkataba, hati ya kuagiza, hati ya kupokea mzigo yenye sahihi na mhuri, na kumbukumbu za malipo ya awali. Ahadi ya mdomo ya kiongozi aliyeondoka haina uzito.

Nne, andika barua kwa msimamizi wa tarafa mpya, ukiomba deni liingizwe katika orodha ya madeni yaliyorithiwa na katika bajeti. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Barua hiyo huonyesha tarehe ya kudai, maana madai yana muda wake kisheria.

Kenya ni funzo. Mwaka 2013 mabaraza 175 yalifutwa na kaunti 47 zikaanza. Madeni hayakufutwa, lakini yalipaswa kuhakikiwa kwanza. Mamlaka ya Mpito iliyosimamia kazi hiyo ilimaliza muda wake mwaka 2016, na kazi ikahamia kwa kamati nyingine. Wadai wengi walisubiri miaka.

Kwa hiyo asiyelipwa asingoje kuitwa. Wakati makabidhiano yangali mapya, makarani wa zamani bado wanajulikana walipo na majalada bado yanaweza kupatikana. Jalada likipotea, mwenye nakala ndiye mwenye deni.