Lafudhi za Nyanda za Juu Kusini katika Video Fupi

Tangu Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, matamshi ya watu wa Bara yametajwa mara nyingi kama makosa ya kusahihishwa, na mara chache kama jambo la kuchunguzwa. Leo matamshi hayo yamepata wasikilizaji ambao hakuna aliyewatazamia. Nia yangu ni kueleza jinsi mambo yalivyo katika Mbeya na Iringa.

Yafaa kwanza kukieleza chombo chenyewe. Zamani redio ilisema na msikilizaji akanyamaza, isipokuwa kwa barua au kadi ya salamu. Katika TikTok, iliyoungana na Musical.ly mwaka 2018, na katika Reels za Instagram zilizoanza mwaka 2020, mtambo hupima muda aliokaa mtazamaji, kama amerudia kutazama, kama ameandika maoni, au kama amempelekea mwenziwe. Kisha kwa vipimo hivyo huamua video imfikie nani mwingine. Mtambo hautofautishi kicheko cha mapenzi na kicheko cha dharau. Tena sauti ya mtu mmoja huweza kuazimwa na maelfu ya wengine, wakachezesha midomo juu yake. Kwa njia hiyo Kili Paul, kijana wa Kimasai, alijulikana hata India kwa kufuatisha nyimbo za Kihindi, na mwaka 2022 Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja redioni.

Kili Paul aliwavuta watu kwa lugha ya wengine. Katika video nyingi za Mbeya na Iringa kinachovuta ni ulimi wa nyumbani. Kinyakyusa hakina z, v wala r. Kwa hiyo mzee wa Rungwe huweza kusema *sawadi*, *fitu* na *kalibu*. Kihehe kinayo v, kama lisikikavyo jina *Vahehe*, lakini nacho hakina r. Lugha hizi mbili hazimo hata katika kundi moja: Guthrie aliiweka ya kwanza katika M na ya pili katika G, pamoja na Kiswahili. Mchekeshaji wa mtandaoni hajali hayo. Huchanganya yote, akayaita “Kimbeya”.

Hapa ndipo mchunguzi apaswapo kuwa na hadhari. Mchekeshaji hugeuza kila r kuwa l bila kukosa. Msemaji wa kweli hafanyi hivyo: huipata r hapa, akaikosa pale, na pengine kwa kuogopa kukosea huitia isipotakiwa, akasema *kurara*. Kosa hili la uangalifu, ambalo kwetu lina thamani kubwa, sijalisikia katika mzaha hata mara moja. Aliye na haja ya data asichukue mzaha. Atafute mwanamke anayeuza viazi Uyole, au kijana anayeonyesha miche ya parachichi, ambaye hakujua kwamba lafudhi yake ingesikilizwa kuliko bidhaa yake.

Lakini huyo ndiye anayeumia. Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa kijiji cha Iringa, alieleza kwa ufasaha jinsi nyanya yake apikavyo ugali. Watazamaji walikuwa wengi kuliko alivyopata kuwaona, na karibu kila aliyeandika aliandika juu ya l yake. Wapo waliomsalimu *kamwene* kwa furaha. Wengine walimwuliza lini atajifunza Kiswahili. Siku ya tatu aliifuta. Nami (sifichi) nilikuwa nimekwisha kuiandika katika daftari langu, bila kumwomba ruhusa.

Nilimweleza, akacheka, akaniruhusu kuyahifadhi maneno yake ila si jina lake. Tangu siku hiyo naandika kwa kila video tarehe, mahali, lugha ya kwanza ya msemaji akiitaja mwenyewe, na jibu lake nikimwomba ruhusa. Maoni nayaandika kando, kwa kuwa nayo ni Kiswahili cha watu: wengi wanaomcheka mwenzao kwa *kalibu* huandika neno lilo hilo kwa l.