Kichwa cha Mkufunzi: Utangulizi

Sisi wa Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma ya Kongo, tumetikiswa kwa namna mbili, na zote tunazijua kwa miili yetu. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, ardhi ilitetemeka siku kadhaa. Mtikisiko ulipanda kutoka miguuni, kuta zikapasuka na barabara zikafunguka nyufa. Januari 2025, vita vilipoingia Goma na makombora mengine yakavuka mpaka yakaua raia huku kwetu wilayani Rubavu, mtikisiko haukutoka chini. Ulikuja na hewa. Vioo vya madirisha vililia, na kifua kikahisi kama kimesukumwa kwa kiganja. Mtikisiko wa kwanza tuwaachie wanajiolojia. Wa pili ndio mlango wa somo ninalokukaribishia.

Mtu akisikia habari ya athari za milipuko kwa askari, mawazo humwendea moja kwa moja adui: bomu la kutegwa barabarani, kombora la usiku. Somo hili linaangalia kwingine. Linaangalia uwanja wa mazoezi, asubuhi ya kawaida, askari wamekwisha kunywa chai, hakuna anayetaka kumuua mwenzake, na silaha zote ni za upande mmoja. Linauliza: askari anayesimama karibu na mzinga wake mwenyewe, leo, kesho na mwaka kesho, bila kujeruhiwa hata ukucha, akili yake hupatwa na nini?

Tuanze na hewa. Baruti inapolipuka, kitu kigumu hugeuka gesi kufumba na kufumbua. Gesi hiyo huisukuma hewa iliyo mbele yake haraka kuliko hewa inavyoweza kupisha, nayo hurundikana ikawa kama ukuta mwembamba unaokimbia kuliko sauti. Ukuta huo ukikufikia, shinikizo hupanda ghafla, hushuka chini ya kawaida, kisha hutulia, yote hayo ndani ya milisekunde chache. Wamarekani hupima shinikizo kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba), na kikomo chao mashuhuri katika mazoezi ni 4, yaani karibu kilopaskali 28. Tukilete nyumbani. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa hutubana kwa kilopaskali 85 au karibu na hapo. Kwa hiyo kufikia kikomo hicho ni kama kutwishwa theluthi nzima ya hewa ya Gisenyi, kisha kutuliwa kabla hujapepesa jicho. Na kikomo chenyewe kilitokana na hofu ya kupasuka kwa ngoma ya sikio. Ubongo haukuulizwa.

Uwanjani pakiwa peupe, wimbi hilo la hewa hudhoofika haraka kila hatua unayojitenga nalo. Ndani ya handaki au chumba mambo ni mengine: wimbi hugonga ukuta likarudi, likakutana na jingine linalokuja, na aliyejibanza pembeni akidhani amejificha ndiye anayepigwa mara mbili au tatu kwa mlipuko mmoja.

Sasa mtazame mkufunzi. Tuseme kila mwanafunzi anafyatua kombora la begani mara 4 na darasa lina wanafunzi 20. Jioni kila mwanafunzi amepigwa na hewa mara chache, masikio yanavuma, anacheka na wenzake, na wiki ijayo yuko kwenye ramani na dira. Mkufunzi aliyesimama begani kwao amepigwa mara 80. Wiki ijayo linakuja darasa jingine. Mwongozo wa jeshi la Marekani kuhusu Carl Gustaf, silaha ya Kiswidi ya milimita 84, humwekea mfyatuaji kikomo cha makombora 6 kwa siku katika mazoezi. Hesabu ya siku ipo. Hesabu ya miaka 15 ya kazi ndiyo iliyokosekana, hata kwa majeshi yenye fedha. Ukinibana niseme somo zima kwa neno moja, nitasema hesabu. Pigo moja dogo halisemi kitu. Jumla ndiyo inayosema, na jumla hiyo haikuandikwa popote.

Swali lenyewe ni la zamani. Februari 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari Charles Myers alichapisha katika jarida la The Lancet habari za askari 3 wa Uingereza waliopata mshtuko wa makombora huko Ufaransa, wakapotewa na kumbukumbu na kupungukiwa kuona, kunusa na kuonja. Mwaka huohuo mji wetu ulikuwa mstari wa mbele: Wajerumani chini ya Kapteni Max Wintgens upande huu, Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, upande wa Goma, hadi Wajerumani walipoondoka mwaka 1916. Askari wa Kiafrika wa pande zote mbili walisikia mizinga ileile ya karne ile. Katika makala ya Myers hawamo. Ulaya nako ukazuka ubishi: daktari Frederick Mott aliona ubongo wenyewe umeumia, wengine wakaona ni hofu, au hata uoga. Mwaka 1922 kamati ya Uingereza ilipendekeza jina la mshtuko wa makombora liachwe kabisa. Naona kosa la wazee hao lilikuwa kutaka jibu moja, ama nyama ama roho, na tumelilipia miaka mia.

Ushahidi uliolifufua swali ulipatikana chini ya darubini. Mwaka 2016 mpatholojia Daniel Perl na wenzake walieleza bongo za wanajeshi marehemu. Katika 5 walioishi muda mrefu baada ya milipuko walikuta makovu ya astrosaiti, zile seli zenye umbo la nyota zinazolea seli za neva, yakiwa yamejipanga mahali pa pekee: pale ubongo unapopakana na majimaji, pale sehemu ya kijivu inapokutana na nyeupe, na kuzunguka mishipa ya damu. Mahali hapo pana maana kwa mwanafizikia, kwa kuwa wimbi hufanya madhara pale linapotoka kwenye kitu cha uzito mmoja kuingia cha uzito mwingine. Mwaka 2024 daktari Brian Edlow na wenzake walichapisha uchunguzi wa askari 30 wa vikosi maalumu vya Marekani waliokuwa bado kazini. Kadiri mtu alivyokuwa na milipuko mingi maishani, ndivyo sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na kutawala hisia na fikra ilivyoonekana kubadilika, na hali ya maisha aliyojieleza nayo ikawa duni zaidi.

Usikimbilie kushangilia. Oktoba 2023, huko Lewiston, jimbo la Maine nchini Marekani, askari wa akiba aliyewahi kufundisha kurusha mabomu ya mkono kwa miaka mingi aliua watu 18. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston walikuta ubongo wake umeharibika katika nyuzi nyeupe, lakini wenyewe walikataa kusema kwa uhakika kwamba madhara hayo ndiyo yaliyobadili tabia yake. Mwanafunzi wa somo hili ajifunze kukataa namna hiyo.

Kwetu huku kukataa kuna kazi zaidi. Askari wa miaka 45 anayesahau majina, anayekasirika kwa jambo dogo na asiyelala, anaweza kuwa na milipuko kichwani. Anaweza pia kuwa na malaria iliyowahi kumpanda kichwani, pombe, au ihahamuka, kama Wanyarwanda wanavyoliita jeraha la nafsi tangu mauaji ya kimbari ya 1994. Anaweza kuwa navyo vyote. Halafu masikio: asiyesikia vizuri hujibu ovyo, ukadhani hakuelewa.

Na kuna vipimo vyenyewe. Kipimo cha kawaida cha kumbukumbu ni kumtajia mtu tarakimu azirudie, kisha azirudie kinyumenyume. Jaribu mwenyewe: saba, nne, tisa, mbili, sita, tatu, nane. Kila jina hapo lina silabi mbili. Kwa Kiingereza, kati ya moja na tisa, ni saba peke yake yenye silabi mbili. Nyingine zote ni moja moja. Mwaka 1980 watafiti Ellis na Hennelly walionyesha kwamba watu wa Wales hukumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi kuliko kwa Kiingereza, kwa sababu majina ya Kiwelisi huchukua muda mrefu kutamka. Mchukue basi sajini anayehesabu kwa Kiswahili, mpime kwa jedwali la Marekani, utamkuta na upungufu ambao haukuletwa na mzinga wowote. Njia salama ni kumlinganisha mtu na nafsi yake: apimwe siku anayoingia jeshini, apimwe tena baadaye, kwa lugha ileile.

Viwanja vipo, kuanzia Gabiro nchini Rwanda hadi Monduli nchini Tanzania, na hata Archer's Post nchini Kenya, ambako Waingereza nao huja kufyatua silaha nzito. Wakufunzi wapo, wengi wamestaafu, baadhi wanakaa mtaa mmoja nawe. Ukimpata mmoja, usianze na ubongo. Muulize alifundisha silaha gani, miaka mingapi, darasa lilikuwa na watu wangapi, yeye alisimama upande gani wa mzinga, na kama palikuwa peupe au ndani ya kuta. Ukimaliza, andika alichokuambia, na uweke tarehe.