Barua pepe haifiki: itafute njiani kabla ya kuilaumu Linux

Na Mwandishi Wetu, Kampala

KONTENA limeshushwa Mombasa, wakala wa forodha anasema hati amezituma tangu asubuhi, na kompyuta iliyowekwa nyumbani Ntinda inanguruma kama kawaida, lakini kisanduku cha barua ni kitupu. Mwenye mzigo akipiga simu anajibiwa neno moja tu: "Nimetuma." Siku za bure za kuweka mzigo bandarini zikiisha, kila siku inayoongezeka ina malipo yake.

Hapa Kampala yanayowapata ni watu wa aina mbili. Kuna waliorudi kutoka Uingereza, Marekani au Ghuba, ambao huko walizoea kuendesha seva yao ya barua pepe nyumbani. Waliibeba, wakaiunganisha hapa na kutarajia mambo yawe yale yale. Halafu kuna wafanyabiashara wa Kikuubo, Busia na Malaba ambao kijana wa ofisi aliwawekea Linux ili waache kulipia kila anwani kila mwezi. Programu zenyewe, Postfix inayopokea barua na Dovecot inayozifikisha kwa msomaji, ni za bure na ni imara. Mara nyingi mkwamo hauko kwenye programu hizo.

Barua isiyofika leo bado haijapotea. Seva ya mtumaji ikishindwa kuipata yako, huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena na tena. Kanuni za intaneti zinashauri ijaribu kwa siku 4 hadi 5, na Postfix hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa siku 5. Umeme ukikatika usiku mzima, basi, hakuna kilichoharibika. Lakini uvumilivu huo una kikomo. Intaneti ilipozimwa Uganda nzima jioni ya Januari 13, 2021, mkesha wa uchaguzi, na kurejeshwa Januari 18, barua zilizotumwa usiku ule wa kwanza zilikuwa zimebakiza muda mfupi sana zirudishwe kwa wenyewe. Tena mtumaji anaweza kuipangia seva yake siku chache zaidi ya hizo.

Basi anza kutafuta kutoka nje kuja ndani. Wengi hufanya kinyume: hukimbilia kubadilisha mipangilio ya Postfix, na jioni wana matatizo mawili badala ya moja.

Uliza kwanza dunia inaelekezwa wapi. Amri ya dig MX ikifuatwa na jina la domeni yako itakuonyesha seva inayotajwa kuwa mpokeaji wa barua zako. Jibu liwe jina la kompyuta, si namba tupu, na jina hilo lielekee kwenye namba ya IP uliyo nayo leo. Nasema leo kwa sababu laini nyingi za nyumbani hubadilishiwa namba, hasa ruta inapozimika na kuwaka. Aliyerudi na mipangilio ya London anaweza kuwa bado anaelekeza barua zake London.

Hatua inayofuata ndiyo inayowakwamisha wengi. Fungua ukurasa wa ruta yako, utazame namba ya IP iliyopewa upande wa nje, kisha uilinganishe na ile ambayo tovuti za kupima intaneti zinakuonyesha. Zikitofautiana, hasa ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya namba moja. Kwa laini zinazotumia mtandao wa simu hilo ni jambo la kawaida. Ni sawa na nyumba ya wapangaji yenye sanduku moja la posta lisilo na majina: ninyi mnaweza kutoka, lakini mgeni hajui abishe chumba kipi. Hapo hakuna amri ya Linux itakayokusaidia. Ama ulipie namba yako mwenyewe isiyobadilika, ama ufuate njia nitakayoeleza mwishoni.

Namba ikiwa ni yako, pima mlango namba 25, ambao seva hutumia kupelekeana barua. Kampuni nyingi huufunga kwa wateja wa nyumbani kwa sababu ya barua taka. Upime ukiwa nje, kwenye seva ya kukodi ikiwezekana, maana laini unayopimia nayo ikiwa imefungiwa mlango huo utaambiwa uongo. Seva nzima itajibu kwa mstari unaoanza na 220. Kukiwa kimya, angalia kama ruta imeelekezwa kupitisha mlango huo hadi kwenye kompyuta yako, kisha andika ss -ltn kwenye kompyuta yenyewe. Ukiona 127.0.0.1:25 peke yake, Postfix inajisikiliza yenyewe tu. Rekebisha mstari wa inet_interfaces.

Baada ya hapo ndipo usome kumbukumbu za seva, kwenye /var/log/mail.log, au kwa amri ya journalctl katika Debian 12 na zilizofuata. Namba zinazoanza na 4 zina maana ya "rudi baadaye", kama vile diski imejaa. Zinazoanza na 5 ni kukataa moja kwa moja, na barua hurudi kwa mtumaji papo hapo. Ukikuta "Relay access denied" kwa barua ya domeni yako mwenyewe, Postfix haijui kwamba domeni hiyo ni yake. Iongeze kwenye mydestination. Na kama kumbukumbu zinasema barua imepokelewa lakini huioni, tazama kama Postfix inaiweka /var/mail huku Dovecot ikitafuta kwenye folda ya Maildir. Huo ni ugomvi wa zamani, na mstari mmoja wa home_mailbox huumaliza.

Kwa asiyeweza kupata namba yake, Kampala ina historia inayomfaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla jina la .ug halijaanza kutumika mwaka 1995, Makerere ilikuwa na kituo cha barua pepe kilichoitwa MUKLA. Hakikuwa hewani saa zote. Barua zilikusanywa, simu ikapigwa, zikabadilishwa, simu ikakatwa.

Njia hiyo bado inafanya kazi. Kodi kisanduku kidogo cha barua nje, domeni yako ielekezwe huko, kisha seva ya nyumbani iende kuzichukua kila baada ya dakika chache kwa programu ya fetchmail. Kwa kuwa nyumbani ndiko kunakopiga hodi, suala la namba ya pamoja na mlango 25 linakwisha, na umeme ukikatika barua zinakaa salama kule. Ila fetchmail, isipoambiwa vinginevyo, hufuta kule ilikochukua. Iandikie neno keep, ili ukiwa kwenye foleni Malaba uweze kuisoma hati ile ile kwenye simu hata kama Ntinda hakuna umeme.